Mtoto ana aleji ya maziwa na karanga: nichukue boksi lipi dukani?

SWALI: Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Alivimba midomo na kutoka mabaka mwili mzima baada ya kulishwa mtindi, na daktari akasema ana aleji ya protini ya maziwa ya ng'ombe. Baadaye akalamba karanga za kusaga, akatapika na macho yakavimba. Kwa sasa ananyonya usiku tu. Supamaketi naona maziwa ya soya, lozi, oti, mchele na nazi, na yote yameandikwa hayana maziwa ya mnyama. Mama mkwe anasema nisihangaike, tui lipo. Jirani anasema maziwa ya mbuzi hayana neno. Nichukue lipi? (Mama wa Tanga)

JIBU: Dada yangu, pole kwa hekaheka hizo. Nianze na jirani, maana ushauri wake ndio unaoweza kukukimbiza hospitali usiku wa manane. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe. Kati ya watoto 10 wenye aleji ya maziwa ya ng'ombe, 9 au zaidi watadhurika na ya mbuzi vilevile. Ya kondoo hali ni hiyohiyo. Ya ngamia yanatofautiana kidogo na wapo watoto wanaoyavumilia, lakini hilo hupimwa mbele ya daktari, halijaribiwi jikoni. Kuchemsha nako hakusaidii: protini iitwayo kaseini inastahimili moto wa sufuria bila wasiwasi.

Wengi wanaosema "mbuzi hayana neno" wanachanganya mambo mawili. Kuna mtu ambaye tumbo lake haliwezi kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa. Huyo anajaa gesi na kuharisha, ila hafi. Na kuna mwenye aleji, ambaye kinga ya mwili wake inaishambulia protini. Mwanao yuko kundi la pili. Kwa hiyo hata lile boksi la maziwa ya ng'ombe lililoandikwa "lactose free" mweke mbali nalo, kwani limeondolewa sukari tu na protini imebaki yote.

Sasa mama mkwe. Tui ni chakula kizuri na aleji ya nazi ni nadra, hata Marekani mamlaka ya chakula na dawa iliiondoa nazi kwenye orodha yake ya njugu zenye kuleta aleji mwezi Januari 2025. Shida ya tui iko kwingine. Tui zito la kwanza ni mafuta, kama gramu 20 katika kila mililita 100, protini ni kidogo na kalsiamu ni kama haipo. Mtilie kwenye uji au kwenye mchicha wake, atapata nguvu, na mtoto wa umri huu anahitaji mafuta. Lakini ukimjazia kikombe cha tui ukaita maziwa, tumbo litashiba na mifupa itabaki inasubiri. Lile boksi la kinywaji cha nazi ndilo hafifu zaidi: ni maji mengi na nazi kidogo.

Halafu kuna mtego ambao wapishi wazuri kabisa wanaingia. Tui la unga, lile la pakiti, mara nyingi limechanganywa na kaseineti ya sodiamu ili lichanganyike vizuri na maji. Kaseineti ni maziwa. Mtu anapika wali wa nazi akijua hakuna tone la maziwa ndani yake, mtoto anavimba, na lawama inamwangukia samaki aliyekuwa pembeni. Kuna nazi ya kukuna Tanga nzima, dada, tumia hiyo.

Tukirudi kwenye rafu ya duka, kuna jambo moja linalowachanganya akina mama wengi. Boksi ambalo ni salama zaidi kwa mwenye aleji, kwa maana kwamba ni watu wachache sana wanaodhurika nalo, mara nyingi ndilo lenye chakula kidogo zaidi. Mchele na nazi ni mifano. Soya, ambayo iko kwenye orodha za vyakula vya aleji za Ulaya na Marekani, ndiyo pekee kati ya hayo matano uliyoyaona inayokaribia maziwa ya ng'ombe kwa lishe. Ukichagua kwa woga peke yake utachukua boksi tupu.

Tupige hesabu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama gramu 13 za protini kwa siku na miligramu 700 za kalsiamu. Tuseme anakunywa mililita 400 kwa siku, vikombe viwili vidogo. Maziwa ya ng'ombe yangempa gramu 13 za protini. Soya, yenye takribani gramu 3 kwa kila mililita 100, inampa 12. Oti inampa kama 4, na hiyo ni kama boksi ni zuri. Lozi inampa 2. Mchele na nazi havifiki hata hapo. Kwa mtu mzima anayekula maharage na samaki kila siku tofauti hii haina uzito. Kwa mtoto wa kilo 10 ambaye nusu ya anachomeza ni kinywaji, ina uzito mkubwa. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida la Pediatrics kuhusu mtoto aliyepata kwashakoo, kwenye nchi yenye chakula tele, kwa sababu wazazi walimfanya anywe kinywaji cha mchele badala ya maziwa. Hawakuwa maskini. Walifikiri wamemtafutia kitu salama.

Mchele una kasoro nyingine ambayo inanifanya niuondoe kabisa kwenye orodha yako. Mpunga hunyonya aseniki, yaani madini yenye sumu, kutoka kwenye udongo na maji, na Uingereza wazazi wanashauriwa wasiwape watoto walio chini ya miaka 5 kinywaji cha mchele kama mbadala wa maziwa. Wali na uji wa mchele kwenye mlo wa kawaida havina tatizo. Ninachokataa ni kikombe kila asubuhi na kila jioni.

Kwa hiyo jibu fupi ni soya, iliyoongezwa kalsiamu, isiyotiwa sukari, lakini kwanza tujue kama mwanao anaipokea. Hapa swali lako limeacha kitu ambacho ningekuuliza mara tu ungekaa kwenye kiti kliniki: huyu mtoto amewahi kula soya? Usiseme hapana haraka. Kumbuka uji. Unga wa lishe unaouzwa mitaani kwetu kwa kawaida una mahindi, ulezi au mtama, mchele, soya na karanga. Kama alikuwa akinywa uji wenye soya usio na karanga kwa wiki kadhaa bila kipele, umeshapata nusu ya jibu, na mwambie daktari hivyo. Kama hajawahi kabisa, basi soya iingie kwa ruhusa ya daktari aliyemwona. Mtoto 1 hivi kati ya 10 wenye aleji ya maziwa inayokuja haraka kama ya mwanao ana aleji ya soya pia. Ni wachache, lakini huwezi kujua kwa kumtazama usoni. Daktari akikubali ujaribu nyumbani, fanya asubuhi, siku ambayo mtoto hana mafua wala homa, kijiko kimoja, kisha umwangalie kwa saa mbili kabla ya kuongeza. Usifanye usiku, na usifanye mkiwa safarini kwenye basi. Akisema jaribio lifanyike hospitalini, nenda hospitalini.

Utaambiwa soya na karanga ni ndugu, kwa hiyo mwenye aleji ya karanga asiguse soya. Ni kweli ni jamii moja ya mikunde, na kipimo cha damu au cha ngozi kinaweza kuonyesha vyote viwili. Ila watu wenye aleji ya karanga ambao kweli wanadhurika wakila soya ni wachache. Usimnyime soya kwa sababu ya undugu huo tu.

Undugu unaonitia wasiwasi zaidi ni wa upande wa pili. Karanga si jamii ya lozi wala korosho, ila kati ya wenye aleji ya karanga, robo au zaidi wana aleji ya moja au zaidi ya hizo njugu za mitini. Na korosho ikimkamata mtu huwa haina mzaha. Kwa hiyo maziwa ya lozi, na hayo ya korosho ambayo dada zetu wanayatengeneza nyumbani siku hizi, yasubiri vipimo. Hata vipimo vikitoka safi, sioni sababu ya kuyalipia kwa mtoto huyu. Geuza boksi la lozi usome nyuma: lozi asilimia 2 au 3. Katika lita nzima hiyo ni gramu 20 hadi 30, kiganja kimoja cha lozi, na iliyobaki ni maji, chumvi na gundi ya kuyafanya yawe mazito. Bei yake unaijua.

Ikitokea soya imemkataa, maziwa ya njegere yana protini karibu sawa na soya. Kwetu hayapatikani kila duka, hupatikana kwenye supamaketi kubwa za Dar au Nairobi, na ukiyapata soma kwa makini kwa sababu njegere haimo kwenye orodha ya vizio (vyakula vinavyoleta aleji) 14 vya Ulaya wala 9 vya Marekani, kwa hiyo hutaiona imekolezwa wino kama soya. Mtoto akiwa anakula njegere na dengu za kawaida bila shida, kuna matumaini. Nayo yapatie ruhusa ya daktari kama soya.

Baada ya hapo ndipo inakuja oti. Siidharau. Ina ladha ambayo watoto wanaipenda na wanaodhurika nayo ni wachache. Ila protini yake ni theluthi ya soya, kwa hiyo ukimpa oti lazima protini itoke sahanini: yai kama analipokea, samaki, kuku, maharage yaliyopondwa, dengu. Na kama kuna mtu nyumbani mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo hudhuriwa na gluteni, protini ya ngano, au mwenye aleji ya ngano, oti nyingi hulimwa na kusagwa karibu na ngano, kwa hiyo atafute boksi lililothibitishwa halina gluteni.

Sasa twende nyuma ya boksi, maana mbele ni matangazo. Mstari wa kwanza wa kutafuta ni kalsiamu: unataka miligramu 120 hivi kwa kila mililita 100, ambayo ndiyo iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe. Hapo mililita 400 zinampa 480 kati ya zile 700. Ukikuta boksi la soya halina neno kalsiamu kwenye viambato, rudisha. Maboksi mengi ya Ulaya yaliyoandikwa "organic" hayajaongezwa kalsiamu, kwa kuwa kanuni zao za kilimo hai zinabana virutubishi vya kuongezwa, na akina mama wanayalipia zaidi wakidhani wamepata bora. Tafuta pia vitamini D na B12. Ukifika nyumbani, tikisa boksi kila unapomimina, si mara ya kwanza tu. Kalsiamu iliyoongezwa mara nyingi ni unga kama chokaa, inazama. Ukikata boksi lililoisha ambalo halikutikiswa utaiona imeganda chini kama tope jeupe, na huo ndio mfupa wa mtoto unaoenda kwenye taka.

Kisha orodha ya viambato yenyewe. Maneno ya kukimbia ni "milk", "whey", "casein", "caseinate", "buttermilk", na kwenye bidhaa za Ufaransa "lait", za Ujerumani "Milch". Boksi lililotoka Dubai likiwa na Kiarabu upande mmoja, huwa na maelezo ya Kiingereza upande wa pili au kwenye stika. Stika ikifunika viambato na huoni cha kusoma, acha. Neno "non-dairy" lisikutulize, hasa kwenye ule unga wa kutia kwenye kahawa: huko Marekani unaweza kuandikwa hivyo na bado ukawa na kaseineti. Hata "vegan" inaeleza nia ya mtengenezaji kutotumia kitu cha mnyama. Haikuhakikishii kwamba mashine haikupitisha chokoleti ya maziwa asubuhi ile.

Kuna na lile onyo la "may contain", yaani huenda kuna chembe za karanga au maziwa. Kwa mtoto aliyevimba midomo, ukiliona usinunue. Kutokuwepo kwake kusikupe uhakika pia, kwa sababu kwenye nchi nyingi onyo hilo ni hiari. Kiwanda kinachotengeneza maziwa ya lozi, korosho na soya kwenye mtambo mmoja ni jambo la kawaida. Ukishapata chapa unayoiamini, waandikie uwaulize, na soma boksi upya kila unaponunua, maana hubadilisha viambato bila kupiga ngoma.

Najua bei za maboksi haya, na najua utaniuliza kama unaweza kutengeneza soya nyumbani. Unaweza, na protini itakuwepo. Loweka usiku, mwaga maji, toa maganda, saga, chuja kwa kitambaa, kisha upike. Hapo kwenye kupika ndipo wengi wanaharibu. Maziwa ya soya hutoa povu na kupanda mapema kabla hayajachemka, mtu anazima jiko akidhani tayari. Soya mbichi inaumiza tumbo na kutapisha, na mama anakuja kliniki akisema mtoto ana aleji. Punguza moto, koroga, yachemke taratibu dakika 20. Ukishamaliza ujue kwamba hayana kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo ni chakula kizuri ila hayachukui nafasi ya boksi lililoongezwa, mpaka uweke kalsiamu kutoka kwingine. Kwa Tanga hilo si gumu: dagaa wakavu waliosafishwa wakasagwa na mifupa yao, kijiko kimoja kwenye uji au mboga kila siku, kama samaki hawamdhuru. Sukuma wiki inatoa kalsiamu vizuri zaidi kuliko mchicha, ambao unayo nyingi lakini hauiachii. Ufuta unayo pia, ila ufuta wenyewe ni kizio kikubwa, kwa hiyo kwa mtoto huyu daktari aujue kwanza. (Na wewe mwenyewe ukitia soya kwenye chai ya tangawizi ikakatika, usiimwage ukidhani imeharibika. Ipashe kwanza, halafu mimina chai juu yake polepole.)

Blenda. Ile iliyosagia karanga za kisamvu isisagie soya ya mtoto, hata ukiiosha, kwa sababu chini ya kisu kuna mpira unaotunza mabaki. Mashine ya kusaga ya mtaani ndiyo hatari zaidi: aliyekutangulia kasaga lishe yenye karanga, na kilo ya kwanza ya unga wako ni karanga zake. Kama huna mashine ya nyumbani, nunua unga uliofungwa wa nafaka moja, uchanganye mwenyewe. Blue Band na siagi nyingine za mimea, biskuti, mkate laini, soseji, vyote visome kila mara, na samli iache, kwani mabaki ya protini humo hayakosekani.

Jambo jingine ambalo wahudumu wenye haraka wanaweza kulisahau. Ikitokea uzito wake umeshuka ukampeleka kituo cha afya, chakula dawa kinachotolewa kwa utapiamlo, kile cha pakiti kinachofyonzwa, kwa kawaida kimetengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga. Kwa mwanao ni sumu mbili kwenye pakiti moja. Andika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yake ya kliniki: ALEJI YA MAZIWA NA KARANGA, na uiseme kwa mdomo kabla hajapewa kitu chochote.

Usimwachishe kunyonya kwa sababu umepata boksi. Maziwa yako hadi miaka miwili, au zaidi, ni bora kuliko yote yaliyopo kwenye rafu ile. Kama hakuna dalili zinazomtokea baada ya kunyonya wewe ukiwa umekunywa chai ya maziwa, huna haja ya kujinyima. Dalili zikionekana, acha maziwa na umwambie daktari, nawe utahitaji kalsiamu yako. Na kama kuna mama anasoma hapa ambaye mtoto wake hajafikisha mwaka, hakuna boksi lolote kati ya haya linalomfaa kama kinywaji kikuu. Huyo ni maziwa ya mama, au maziwa maalumu ya kopo ambayo protini yake imevunjwavunjwa, kwa maandishi ya daktari. Hata wewe, mtoto akikataa chakula na uzito ukisimama, muulize daktari kuhusu hayo ya kopo. Ni ghali, ila hutolewa kwa sababu.

Mpime uzito kila mwezi miezi mitatu ya mwanzo baada ya kubadilisha. Akipanda kwenye mstari wake, endelea. Akisimama miezi miwili mfululizo, njoo na kadi, njoo na boksi lenyewe lililo tupu, na uandike alichokula siku tatu.

Akivimba ulimi, sauti ikabadilika, akakoroma kifuani, akatapika mfululizo au akalegea, usisubiri dawa ya vipele ifanye kazi. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali, anachohitaji ni sindano ya adrenalini, na uwaambie hivyo mlangoni. Muulize daktari sasa hivi, kabla halijatokea, kama mnaweza kupata ya kukaa nayo nyumbani na ni hospitali gani iliyo karibu yenye nayo usiku.

Na habari njema: watoto wengi hupona aleji ya maziwa kabla ya kufika umri wa shule. Ya karanga huondoka kwa wachache. Rudi kupimwa upya baada ya miezi sita hadi mwaka, na mkiambiwa muda umefika wa kujaribu maziwa, kwa kawaida wataanza na maziwa yaliyookwa ndani ya keki kwa dakika 30, kwani joto kavu la oveni pamoja na ngano hubadilisha protini kwa namna ambayo sufuria haiwezi. Hiyo keki ya kwanza ailie hospitalini, hata bibi yake akibembeleza vipi.